SOMO: Namna ya kuwafanya watu wa listi yako ya imeili wakuamini

Habari zenu wakuu. Hili somo nimelikawiza sana, na naona kila siku watu wanauliza "mbona listi yangu hainunui" wakati tatizo liko nyuma kabisa, watu hawajakuamini bado. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Sema ukweli pale anapojiandikisha

Kwenye fomu usiandike "pata habari zetu" halafu basi. Andika unatuma nini na mara ngapi, mfano: "Kila Jumanne nakutumia mbinu moja ya kupiga picha kwa simu. Mara mojamoja nitakuambia kuhusu kozi yangu ya kulipia." Hiyo sentensi ya pili wengi wanaificha, mi nasema iweke, maana mtu aliyeambiwa mapema kwamba utauza hashtuki siku unauza.

Hatua ya 2: Athibitishe mwenyewe

Akijaza fomu apate linki ya kuthibitisha. Ndio, listi itakua polepole, ila unaepuka anwani zilizokosewa herufi na watu walioandikishwa na wenzao bila kujua. Na zile listi za kununua naomba sana msiziguse. Hao watu hawakukuita, na humo ndani mara nyingi kuna anwani za mtego, hazina mtu nyuma yake, zimewekwa kunasa wanaotuma spamu, yaani imeili zisizoombwa.

Hatua ya 3: Imeili ya kwanza

Hapa ndo penyewe. Iende hapohapo, dakika hiyohiyo, kesho yake ameshakusahau. Yangu ilikuwa hivi:

"Habari, ule mwongozo wa picha ulioomba huu hapa (linki). Kuanzia Jumanne utapata mbinu moja kila wiki. Naomba nikuulize: ni picha gani inakushinda kupiga? Jibu hapahapa, nasoma mwenyewe."

Angalieni mpangilio: alichoahidiwa kimetangulia, ratiba imerudiwa, swali ni moja tu, hakuna cha kuuza. Wakijibu basi jibu kweli, na anwani unayotumia isiwe ile ya "usijibu", utakuwa umemuuliza mtu swali huku umeziba masikio. Kuna mmoja aliniandikia "za usiku zinatoka na chengachenga", nikachukua maneno yake hayohayo nikayafanya kichwa cha imeili ya wiki iliyofuata, na majibu niliyopata wiki hiyo sikuwahi kuyapata kabla.

Hatua ya 4: Shika ratiba

Niliwahi kunyamaza miezi minne nikarudi na ofa moja kwa moja. Watu wakabofya "spamu", na ofa yenyewe haikuwa mbaya, ila walikuwa hawanikumbuki tena. Ilibidi nitume imeili nyingine ya kuomba radhi, nikaeleza nilikuwa kimya muda gani, linki ya kujitoa nikaiweka juu kabisa. Wengine wakaondoka, waliobaki wakaanza kujibu tena. Kama kila wiki huiwezi, ahidi mara mbili kwa mwezi.

Hatua ya 5: Kujitoa kuwe rahisi

Tangu 2024 Google na Yahoo wanawabana watumaji wakubwa. Kwa Gmail ni kuanzia imeili 5,000 kwa siku: lazima uwe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha kwamba mtumaji ni wewe), imeili za matangazo ziwe na kujitoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, yaani watu 3 tu kati ya 1,000. Hata kama hujafika huko, weka SPF na DKIM kwenye domeni yako (jina lako la mtandaoni, lile linalokaa baada ya @) sasa hivi, ndizo zinazoonyesha imeili imetoka kwako kweli na sio kwa tapeli anayejifanya wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nina watu 40 tu, kuna haja ya yote haya?
Jibu: Ndo wakati wake huo. 40 unaweza kumjibu kila mmoja, ukifika 4,000 utautamani huo muda.

Swali: Wanaofungua ni wengi sana ila hakuna anayebofya, kwa nini?
Jibu: Usiziamini sana hizo namba. Tangu 2021 programu ya imeili ya Apple inaweza kupakua picha zilizomo kabla mwenyewe hajaisoma, na kwa kuwa kufungua huhesabiwa picha iliyomo ikipakuliwa, kwako inaonekana kafungua. Hesabu wanaobofya na wanaojibu.

Swali: Jana nimetuma linki mbovu kwa listi nzima, ninyamaze tu?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Tuma leo, kichwa kiseme wazi "Linki ya jana ilikuwa mbovu, sahihi ni hii", mistari miwili inatosha, na usichomeke ofa humo. Ingekuwa herufi moja imekosewa ningekwambia achana nayo.

Swali: Kuna ambao hawajabofya chochote muda mrefu, ila kuwafuta roho inauma.
Jibu: Inauma kweli, naelewa. Waandikie mara moja uwaulize kama bado wanataka, weka linki ya "bado nipo", wape wiki mbili. Asiyebofya mtoe. Ila aliyewahi kununua kwako usimtoe hivihivi, mwandikie yeye peke yake kwanza kwa jina lake, umuulize kama alichonunua kilimsaidia.