Kuhama Kutoka Exchange 2016: Namna ya Kutatua Uhamisho wa Visanduku Uliokwama

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena huduma kwa Exchange Server 2016 wala 2019, programu zake za seva ya barua pepe, na ofisi za Nairobi zinazoendesha seva zao zenyewe zinalazimika kuhamia Exchange Server SE (Subscription Edition), toleo linalozifuata. Mwenye 2019 anaweza kusasisha juu ya seva ileile. Mwenye 2016 hawezi, kwa sababu hifadhidata ya toleo moja haifunguliwi na seva ya toleo jingine. Hata ukinakili faili ya .edb, yaani faili ya hifadhidata yenyewe, kwa uangalifu wote, haitawaka upande wa pili. Kinachohama ni visanduku vya barua, kimoja kimoja, kutoka hifadhidata ya zamani hadi mpya, na huko ndiko matatizo mengi hutokea.

Hatua ya 1: Andaa upande unaopokea

Chukua nakala rudufu kamili ya hifadhidata ya zamani, kisha unda hifadhidata mpya na uwashe upya huduma ya Microsoft Exchange Information Store kama mfumo wenyewe utakavyokuonya. Tazama vikomo vya ukubwa mapema. Hifadhidata mpya huja na kikomo cha GB 2 cha kutuma na GB 2.3 cha kutuma na kupokea. Kama ile ya zamani ilikuwa imepandishiwa vikomo, kisanduku cha GB 15 kitakataliwa mlangoni. Katika Exchange Management Shell, dirisha la amri za Exchange, linganisha kwa Get-MailboxDatabase na urekebishe kwa Set-MailboxDatabase kabla ya kuhamisha chochote.

Hatua ya 2: Tanguliza visanduku vya mfumo

Get-Mailbox -Arbitration -Database DB-Zamani | New-MoveRequest -TargetDatabase DB-Mpya

Visanduku hivi havionekani katika orodha ya kawaida, ingawa kazi za usimamizi, uhamisho wenyewe ukiwemo, huvitegemea. Baada yake hamisha kisanduku cha fundi mmoja, ukijaribu kutuma, kupokea na kalenda, ndipo uwafikie watumishi wengine. Ongeza -SuspendWhenReadyToComplete katika amri ya kila kundi: data itanakiliwa mchana watu wakiwa kazini, kisha ombi litasimama katika hali ya AutoSuspended hadi utakapolikamilisha usiku kwa Resume-MoveRequest. Ninashauri idara ya uhasibu isiguswe siku zinazokaribia tarehe 9 na tarehe 20 za mwezi, kwa kuwa ndizo siku za mwisho za kuwasilisha marejesho ya PAYE (kodi ya mishahara) na ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Hatua ya 3: Likikwama, soma ripoti kwanza

Mafundi wengi hukimbilia kufuta ombi lililokwama na kulianzisha upya. Sikubaliani na desturi hiyo hata kidogo. Ombi hukumbuka lilipofikia na linaweza kuendelea kutoka hapo, lakini ukilifuta unapoteza kazi yote iliyokwisha kufanyika pamoja na ushahidi wa kosa. Pata yaliyoshindwa kwa Get-MoveRequest -MoveStatus Failed, kisha usome sababu:

$r = Get-MoveRequestStatistics jina -IncludeReport
$r.Report.Failures

Hali inayoanza na StalledDueToTarget inakuambia kwamba chanzo hakina kosa na kwamba mzigo umezidi upande unaopokea. StalledDueToTarget_DiskLatency huelekeza kwenye diski zilizolemewa, na dawa yake ni kupunguza idadi ya maombi yanayokwenda kwa pamoja. StalledDueToTarget_MdbReplication hutokea pale hifadhidata mpya inapokuwa na nakala katika seva nyingine, tuseme iliyoko tawi la Mombasa, na logi, yaani faili zinazorekodi kila badiliko la hifadhidata, hazifiki huko kwa kasi inayotakiwa. Pima CopyQueueLength, yaani idadi ya logi zinazosubiri kunakiliwa, kwa Get-MailboxDatabaseCopyStatus na usubiri foleni ipungue. Katika jibu la amri hiyohiyo utaona ContentIndexState ikiwa NotApplicable. Usishtuke, kwa maana tangu toleo la Exchange 2019 faharasa ya utafutaji huhifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe.

Ripoti ikitaja barua zilizoharibika, angalia ziko katika folda gani, kisha uweke -BadItemLimit inayolingana na idadi hiyo kwa Set-MoveRequest na uendeleze ombi. Kila kinachohesabiwa ndani ya kikomo hicho ni barua ya mtu ambayo haitafika. Ndiyo maana kuanzia 51 mfumo hukutaka uongeze -AcceptLargeDataLoss, na mimi ningezungumza na mwenye kisanduku kabla ya kuandika neno hilo.

Hatua ya 4: Linda nafasi ya logi

Kila kinachoingia katika hifadhidata mpya huandikwa pia katika faili za logi za MB 1 kila moja, kwa hiyo kuhamisha GB 200 huzaa logi za kiasi kama hicho au zaidi. Diski ya logi ikijaa, hifadhidata hujizima na watumishi wote waliokwisha kuhamishwa hukosa barua. Usifute faili hizo kwa mkono kamwe. Chukua nakala rudufu baada ya kila kundi, nayo itaziondoa zisizohitajika tena. Au uwashe CircularLoggingEnabled, inayofanya logi za zamani ziondolewe zenyewe, kwa muda wa uhamisho tu, kisha uizime na uchukue nakala kamili papo hapo.

Umeme ukikatika katikati na hifadhidata ikagoma kuwaka, eseutil /mh (eseutil ni zana ya kukagua na kurekebisha hifadhidata za Exchange) itaonyesha kama iko Dirty Shutdown, yaani ilizimika vibaya, na logi zipi zinatakiwa. Logi hizo zikiwepo, eseutil /r huirejesha bila kupoteza kitu. Amri ya eseutil /p hutupa kurasa isizoweza kuzisoma, na nafasi yake ni pale tu ambapo hata nakala rudufu haipo.

Hatua ya 5: Outlook ikiomba neno la siri bila kikomo

Kisanduku kimefika salama lakini mtumishi hawezi kuingia. Hakikisha kwanza kwamba AutoDiscoverServiceInternalUri ya seva mpya, yaani anwani ambayo Outlook huitumia kutafuta mipangilio yake, inataja jina lililomo ndani ya cheti cha usalama. Kisha chunguza kilicho katikati: seva mpya huwekwa ikiwa na Extended Protection, ambayo hukataa muunganisho wowote uliofunguliwa usimbaji wake njiani, iwe ni na kifaa cha kusawazisha mzigo chenye cheti tofauti au ni na programu ya kuzuia virusi.

Hatua ya 6: Ondoa hifadhidata ya zamani

Visanduku vilivyohama hubaki upande wa zamani kwa siku 30 vikiwa vimewekewa alama ya kufutwa, na ni busara kuuacha muda huo upite. Remove-MailboxDatabase ikikujibu kwamba bado kuna visanduku ilhali orodha yako ni tupu, endesha Set-ADServerSettings -ViewEntireForest $true ili utafutaji ufike kwenye mtandao wote wa ofisi, kisha utafute tena kwa -Arbitration, -Archive, -AuditLog na -PublicFolder. Amri ya kuondoa haifuti faili ya .edb, kwa hiyo uifute mwenyewe, uiondoe Exchange 2016 kupitia Setup badala ya kuzima mashine tu, na uzisafishe diski kabisa kabla hazijauzwa au kugawiwa, kwa kuwa barua zilizomo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.