Kidonda cha mdomo kisichouma usikipuuze

Jamani ukiona kidonda kwenye lipsi au ulimi, kigumugumu na wala hakiumi, usiseme tu nimejing'ata, kikipita wiki 2 nenda kwa daktari wa meno, maana kaswende nayo inaweza kuanzia mdomoni, hasa kwa ngono ya mdomo. Ubaya wake kile kidonda kinapona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, mtu anajua yameisha kumbe mdudu bado yupo kwenye damu, baadae ndo anatokwa na mabaka meupe mdomoni na vipele viganjani na nyayoni. Dokta akishtukia anakuagizia kipimo cha damu, VDRL au RPR. Ikiwahiwa, mara nyingi sindano ya benzathini penisilini mara moja inatosha, na mwenzi wako naye atibiwe, mjamzito ndo asichelewe kabisa.