SEO kwa sisi wa masoko tusiojua mambo ya kompyuta: anza na maneno ya mteja

SEO ni kuiandaa websaiti yako ili mtu akitafuta kitu Google aikute. Tuseme unauza samani pale Keko, Dar. Websaiti unayo, imependeza, na juu kabisa imeandikwa "Suluhisho bora la samani za kisasa". Sasa nani anaingia Google kuandika suluhisho? Watu wanaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6" au "kabati la nguo milango mitatu", basi, na kama hayo maneno hayapo popote kwenye websaiti yako Google itakuleta vipi?

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote fungua dirisha la faragha kwenye simu, ili historia yako isikudanganye, andika "kitanda cha mbao" halafu usibonyeze kitu, angalia Google inavyokumalizia sentensi, hayo ndo watu wanatafuta. Kisha rudi kwenye WhatsApp ya biashara, na hapa kaa sana, maana wateja wanatafuta vilevile wanavyouliza: "mnaleta mpaka Kibaha?", "hiki ni mninga au mkongo?", "godoro limo?" Swali linalojirudia lipe jibu kwenye websaiti, kwa maandishi.

Nakazia maandishi kwa sababu ugonjwa wetu ni mabango. Bei zote, saizi, namba ya simu, vyote vimejazwa ndani ya picha moja halafu ukurasa mzima hauna hata sentensi. Google inajaribu kusoma picha siku hizi ila usiitegemee. Chini ya picha andika kawaida tu: kitanda cha mninga 5 kwa 6, bei yake, godoro halimo, Kibaha tunaleta. Faili nalo kabla hujalipandisha libadilishe jina kutoka IMG_2041 liwe kitanda-mninga-5x6, na upunguze uzito wa picha, mteja yuko kwenye bando lake, ukurasa ukizunguka tu anaondoka.

Taito ni ule mstari mkubwa anaoubonyeza mtu kwenye majibu ya Google. Wengi utakuta wameacha "Nyumbani" kila ukurasa, jamani! Weka "Vitanda vya mninga 5 kwa 6 na 6 kwa 6, Keko Dar es Salaam", cha muhimu kikae mbele kwa sababu taito ndefu inakatwa. Yale maelezo mafupi chini yake hayakupandishi nafasi, kazi yake ni kumshawishi mtu abonyeze, na Google ikiamua inaweka yake. Ila ile orodha ya maneno inayofichwa nyuma ya ukurasa achana nayo, Google ilishasema tangu 2009 kwamba haiiangalii, so mtu akija kukuuzia hiyo, au linki za jumla (rundo la linki kutoka websaiti nyingine zinazoelekeza kwako), au akikuhakikishia namba moja, mpe soda aende.

Ukiwa na duka ambalo wateja wanafika wenyewe fungua Google Business Profile, yaani ukurasa wa duka lako unaotokea Google na kwenye ramani yake, ni bure. Jina weka la duka kama lilivyo kwenye kibao, usilirundikie "bei nafuu Dar", wanaweza kukufungia. Weka saa za kazi za kweli na picha za dukani, na mteja akishapokea mzigo muombe aandike maoni. Kununua maoni hapana.

Mwisho mwambie fundi wa websaiti akuunganishie Search Console, ripoti ya Google kuhusu websaiti yako, nayo bure. Ikishakusanya wiki kadhaa fungua utaona watu walitafuta nini wakakuona. Mimi natafuta neno ambalo tunaonekana mara nyingi ila hatubonyezwi, tuko kama nafasi ya 8 mpaka 15 hivi, ukurasa huo ndo naurekebisha kwanza, maana Google imeshautambua, umekosa kidogo tu. Ukibadilisha kitu andika tarehe mahali, halafu uache wiki kadhaa, kuna mabadiliko yanaonekana ndani ya masaa na mengine yanachukua miezi, ukigusa taito kila asubuhi hutajua kipi kimesaidia.