Soma Magari Yako ya Zamani Kabla ya Kununua la Umeme

Mwezi mmoja kabla ya kulipia gari la umeme nilinunua daftari kubwa la kaunta, nikaandika habari za kila gari nililowahi kumiliki tangu mwaka 2004: Starlet, Corolla, Noah, na IST ambalo bado limeegeshwa uani. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, na ndiyo iliyoniamulia gari gani la umeme linanifaa na lipi halinifai. Wengi huanzia upande wa pili: husoma matangazo, hukariri kilomita zinazotajwa kwa kila betri, kisha hujiuliza kama wataweza kuishi nazo. Nakushauri uanze na magari uliyokwisha kuyatumia, kwa kuwa hayo yanazijua barabara zako, foleni zako na mfuko wako kuliko muuzaji yeyote.

Tenga kurasa mbili kwa kila gari. Andika mwaka ulipolinunua na mwaka ulipoliuza, mita ilivyosoma siku ulipolipokea na siku ulipolikabidhi, ukubwa wa injini, sababu ya kulinunua na, kwa ukweli wote, sababu ya kuachana nalo. Usitegemee kumbukumbu peke yake. Risiti hukaa mahali pasipotazamiwa, kama vile chini ya kapeti au ndani ya bahasha ya kadi ya gari. Ujumbe wa malipo uliomtumia fundi huenda bado umo kwenye simu. Na vile vikadi vya kumwagia oili vinavyofungwa kwenye boneti vina tarehe na mita, hata kama mwenye gari alishavisahau. Muulize na mwenzi wako. Mke wangu alikumbuka safari mbili za usiku ambazo mimi nilikuwa nimezisahau kabisa, na nitazirudia hapa chini kwa sababu zilibadili mpango wangu wa kuchaji.

Jambo la kwanza la kutafuta ni umbali wa kila siku. Chukua mita ya mwisho, toa mita ya mwanzo, kisha gawanya kwa idadi ya siku. IST langu lilikuwa limetembea kilomita 38,000 kwa miaka mitatu, yaani wastani wa kilomita 35 kwa siku, ilhali nilikuwa naapa kwamba naendesha zaidi ya 80. Ni foleni ya Barabara ya Morogoro iliyonipotosha, kwa kuwa mtu aliyekaa saa mbili nyuma ya usukani hujihisi kama aliyetoka safari. Kwa umbali huo, hata betri ndogo inatosha na kubaki.

Wastani, hata hivyo, huficha safari ndefu, kwa hiyo ziandike hizo peke yake: zilikuwa ngapi kwa mwaka, za wapi, na gari lilibeba nani. Yetu kubwa ni ya Desemba, kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto kwa wakwe zangu: zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombo, kisha kilomita 33 za kupanda milima ya Usambara. Mpando huo ni wa takriban mita 1,000 kwenda juu, na gari lenye kilo 1,800 pamoja na abiria na mizigo hutumia karibu uniti 5 za umeme kwa kuinuka tu, mbali na zile za kulisukuma barabarani. Wakati wa kuteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo kwenye betri. Kwa Noah tulikuwa tukifika Mombo tukinusa breki zilizopata moto. Nissan Leaf ya kWh 40 (yaani betri inayobeba uniti 40 za umeme), ambayo ndiyo niliyokuwa nikiifikiria, ilipimwa Marekani ikapewa kilomita 243 ikiwa mpya. Ni wazi basi kwamba haifiki Mombo bila kuchajiwa njiani. Uamuzi wangu ulikuwa kwamba safari moja kwa mwaka haistahili kulipiwa betri kubwa zaidi. IST litatupeleka Lushoto, na siku litakapochoka kabisa tutapanda basi. Lakini kama daftari lako linaonyesha kwamba kila mwezi unakwenda Dodoma kikazi, hesabu yako ni nyingine, na usikubali mtu akuambie kwamba utazoea.

Baada ya hapo gawa gharama za matengenezo katika safu mbili: zile zinazoondoka pamoja na injini, na zile zitakazobaki. Safu ya kwanza kwangu ilijaa upesi. Humo mliingia oili na filta, plagi, taimingi belti, pampu ya mafuta, ekzosi, gia boksi, na ile gasketi ya silinda hedi ya Corolla iliyoungua karibu na Chalinze mwaka 2011, kwa uzembe wangu mwenyewe, kwa kuwa rejeta ilikuwa inavuja nami nikawa naongeza maji ya bomba badala ya kuutibu mvujo. Safu ya pili ndiyo iliyonishtua. Tairi, shokapu, bushi, boljointi, beringi, taa, AC na betri ndogo ya volti 12 vyote vimo pia katika gari la umeme, na kwa IST vilikuwa vimekula karibu nusu ya fedha nilizompa fundi. Gari la umeme huwa zito kuliko la mafuta la ukubwa uleule, hivyo tairi na shokapu zake hazitaonewa huruma na barabara zetu za mitaani. Breki niliziweka katikati, kwa sababu mota hupunguza mwendo na pedi hudumu muda mrefu zaidi. Rejeta nayo niliiweka katikati, kwa kuwa magari mengi ya umeme bado yana maji ya kupozea mota na vifaa vyake. Kwa hiyo anayekwambia kwamba gari la umeme halina matengenezo, mwonyeshe safu ya pili.

Hesabu ya mafuta ni fupi. Kwa kilomita 35 za mjini, IST lilikuwa likinywa lita moja kwa kila kilomita 11 hivi, yaani lita 3.2 kwa siku. Ukiweka shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 9,500. Gari la umeme linalotumia uniti 16 kwa kilomita 100 litataka uniti 5.6 kwa umbali huo, na ukiongeza upotevu wa wakati wa kuchaji zinafika kama 6.4. Bei ya TANESCO kwa kundi la matumizi ya kawaida ninayoitumia hapa ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambazo huifikisha kwenye shilingi 356 hivi, kwa hiyo siku nzima inagharimu takriban shilingi 2,300. Angalia jambo moja kabla ya kufurahi: kama nyumba yako iko katika kundi la watumiaji wadogo, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi, gari peke yake litatumia karibu uniti 190. Utatoka katika kundi hilo, na friji, taa na pasi navyo vitalipiwa bei ya juu. Nyongeza hiyo iandike upande wa gari.

Sasa nije kwenye betri, ambayo magari ya zamani hayakutufundisha kuikagua, ingawa yametufundisha kutoamini. Noah nililinunua kwa mtu mkononi likiwa na mita ya kilomita 68,000. Wiki ya pili, wakati wa kulifagia, niliinama nikaona mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa, na usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani mahali mikono inaposhika. Mguu wa dereva hauwezi kula mpira kiasi hicho kwa kilomita 68,000. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma, na ushahidi ulikuwepo wazi siku niliyolipa.

Katika Leaf, kinachochukua nafasi ya mita hiyo ni vile vimistari vidogo 12 vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kimistari cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na vinavyofuata hupotea kwa kila asilimia 6 na ushee. Betri ya gari hilo hupozwa na hewa tu, hivyo joto huichosha. Na tofauti na injini, betri huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kutafuta gari la miaka mingi lenye kilomita chache haitufai hapa. Leaf ya kwanza ya kWh 24, iliyopewa kilomita 117 ilipokuwa mpya, ikibaki na vimistari 8 itakupeleka kama kilomita 75 au pungufu. Tena wapo wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vimistari vyote 12 vionekane kwa muda. Nenda na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na programu ya simu inayoonyesha afya ya betri, lakini usiishie hapo. Omba gari lijazwe mpaka asilimia 100, kisha liendeshe kwenye barabara unayoijua. Mimi nilikwenda Bagamoyo, ambako ni kama kilomita 65. Kwa betri nzima ya kWh 40 nilitarajia kutumia asilimia 28 hadi 30. Gari la kwanza lilitumia 44, nikamrudishia mwenyewe ufunguo. La pili lilitumia 31, nikaanza kuzungumzia bei.

Ukiwa kwa muuzaji, inama uangalie chini ya gari. Rudi kwenye daftari uhesabu mara ngapi magari yako yaligonga tuta au jiwe, kwa sababu sehemu iliyo ghali kuliko zote katika gari la umeme imelala sakafuni. Bamba lililobonyea chini ya betri ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Na kama una historia ya kupitisha gari kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani kila masika, tabia hiyo iache.

Nirudi kwenye zile safari mbili za usiku. Moja ni ya mwanetu aliyepata degedege saa nane usiku mwaka 2013, nyingine ni ya kumfuata mama mkwe stendi basi lake lilipochelewa. Mara zote mbili Noah lilikuwa na mafuta kwa bahati tu. Kwa gari la umeme, na kwa nyumba ambayo umeme hukatika, nimejiwekea kwamba chaji haishuki chini ya asilimia 40 gari likiwa nyumbani. Tafuta safari za namna hiyo katika daftari lako, upime umbali wake kwenda na kurudi, kisha uweke kiwango chako.

Kuchajia nyumbani kunataka waya wake peke yake. Chaja ya kubebeka ya ampea 10 huvuta karibu kilowati 2.3 kwa saa nyingi mfululizo. Kilomita 35 zitarudi kwa saa tatu hivi, lakini betri ya kWh 40 iliyokwisha itahitaji karibu saa 20. Soketi iliyozoea kuchemsha birika kwa dakika tano haikuandaliwa kwa mzigo huo. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), avute waya mpya kutoka kwenye bodi, aweke kikata umeme chake, na aipime ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) mbele yako. Ukinunua gari lililotengenezwa kwa soko la Japani au China, hakikisha pia plagi yake ya kuchajia inaingia kwenye chaja utakayoipata hapa mjini.

Gari la zamani usiliuze wiki hiyohiyo. Lipe miezi mitatu, likae na bima na tairi zenye upepo. Siku ya kulipokea jipya, fungua ukurasa mpya wa daftari kabla hujawasha AC: andika tarehe, mita, idadi ya vimistari, asilimia ya chaji, na uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU usiku huo kabla ya kuchomeka waya.