Sufuria moja: jinsi ya kulisha watu, mbwa na paka Nairobi bila kumaliza mshahara

Ninafanya kazi katika duka la agroveti karibu na Dagoretti Market, si mbali na machinjio. Wateja huniita daktari, ingawa mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo niliyesomea chuoni Kabete. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: chakula gani cha mbwa kina bei ya chini? Nami kabla ya kujibu huuliza: nyumbani mnakula nini wiki hii? Familia yenye watoto, mbwa na paka haiwezi kuendesha bajeti tatu, na haina haja. Sehemu kubwa ya lishe ya hao wote inaweza kutoka kwenye sufuria moja, mradi ujue cha kununua na ujue wa kumpakulia kwanza.

Anza na protini, kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Wanga tunao: ugali, mchele, viazi vitamu, nduma. Usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Linganisha unalipa shilingi ngapi kwa gramu kumi za protini. Kilo ya maharagwe makavu ina takriban gramu 220 za protini. Kilo ya omena iliyokauka vizuri ina gramu 500 au zaidi. Yai moja lina gramu 6, kwa hiyo trei ya mayai 30 ina 180. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina gramu 200 hivi kwa kilo, maini karibu sawa na hiyo, mapafu 160 na kitu, matumbo 120 tu.

Sasa weka bei. Nitatumia bei za mfano, wewe andika za sokoni kwenu. Maharagwe yakiwa shilingi 160 kwa kilo, gramu kumi za protini zinakugharimu shilingi 7. Omena ya shilingi 600 ni 12. Mapafu ya 200 ni 12 pia. Trei ya mayai ya 420 ni 23. Matumbo ya 350 yanafika 29, na nyama ya 650 ni 32 au 33. Tazama hapo kwenye matumbo. Watu wengi huyanunua wakiamini wameokoa pesa nyingi, kumbe tofauti na nyama ni shilingi tatu au nne. Ukiyapenda, kula, ila usiyanunue kwa sababu ya bei. Soseji na smoki sijaziweka kwenye hesabu kwa makusudi. Pesa yako nyingi pale inalipia mafuta, wanga na chumvi, na ningefurahi sana kuona mtoto wa shule akipewa yai la kuchemsha badala yake.

Protini ya maharagwe na ndengu ina upungufu ambao mahindi huujaza, na ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huujaza. Ndiyo maana githeri ni chakula cha maana kuliko heshima tunayoipa. Kama gesi au makaa yanakusumbua, nunua githeri iliyokwisha kuchemshwa kwa mama mboga. Mara nyingi ni nafuu kuliko kuwasha jiko kwa muda wa saa tatu. Ukichemsha mwenyewe, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, na hakikisha yamechemka kwa nguvu na kuiva kabisa. Maharagwe mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu inayoumiza tumbo la mtu na la mbwa vilevile.

Kwa upande wa mboga, sukuma wiki tunaijua. Ongeza terere, managu na kunde kila unapoweza, maana zina madini ya chuma na vitamini iitwayo folati, na terere unaweza kuiotesha kwenye gunia mlangoni. Kamulia ndimu au weka nyanya, ili mwili uchukue chuma kilichomo. Na tafadhali, chai isinywewe pamoja na chakula hicho. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Isubiri saa moja. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo jambo hili dogo lina uzito, na halina gharama yoyote.

Maini mara moja kwa wiki yanatosha nyumba nzima, mnyama akiwemo. Yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inadhuru: paka anayelishwa maini kila siku hukakamaa shingo na mgongo, na mama mjamzito anapaswa kuuliza kliniki kabla ya kuyala.

Sasa niseme kuhusu ukungu, na hapa nitakaa kidogo. Mzee mmoja alikuja dukani na gunia. "Daktari, haya mahindi yameshika ukungu. Si basi niyasage yawe ya mbwa?" Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu. Mbwa ndiye atakayetangulia kuanguka." Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Ini linaharibika, macho na fizi zinakuwa manjano, anatapika damu, anakufa. Kupika hakuiondoi sumu hii. Mwaka 2004, hasa huko Ukambani, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na usifikiri ukimpa ng'ombe umeepuka, kwa sababu sumu hiyo hugeuka kidogo mwilini mwake kisha hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwenye kikombe cha mtoto wako.

Kwa hiyo ukinunua mahindi ya kusaga, yapime hivi: chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike au usiyanunue. Punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zichambue utupe. Unga wa posho, unaosagwa kwenye kinu cha mtaani, una faida yake, kwani kiini na pumba vimo. Unga wa pakiti nao tangu 2012 sheria inataka uongezwe vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Mimi nyumbani hutumia huu na ule. Karanga za uji wa mtoto nunua chache, mbichi zenye harufu safi, zisage peke yake na uziongeze kwenye uji ukishaiva badala ya kuzisaga pamoja na nafaka nyingi na kuziweka kwa miezi.

Tukirudi kwenye sufuria: siri yote ni kupakulia wanyama kabla ya kitunguu na chumvi. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Viungo vya mchuzi vya pakiti vina vitunguu hivyo vikiwa unga, pamoja na chumvi nyingi. Chemsha mapafu, omena au githeri bila kitu, toa sehemu ya wanyama, ndipo ukaange yenu mnavyopenda. Mifupa iliyopikwa usimpe, hasa ya kuku, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Chokoleti na zabibu pia hapana.

Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Hesabu yangu ya bei nafuu ni hii: unga wa mahindi gramu 150 upikwe uwe ugali laini, mapafu gramu 300 yaliyochemshwa, omena gramu 30 iliyolowekwa kwenye maji moto na kuoshwa mchanga wote, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, na konzi ya sukuma au malenge yaliyoiva. Juu yake nyunyiza nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini kama unga. Ganda hilo lina madini ya kalisi (kalsiamu), na nyama peke yake haina kalisi ya kutosha. Gawanya mara mbili, asubuhi na jioni. Chakula hiki hakijakamilika. Zinki, iodini na vitamini E hupungua. Ndiyo sababu nawashauri wateja wachanganye na chakula kikavu kilichokamilika. Mtoto wa mbwa na jike mwenye mimba wapewe kilichokamilika kama msingi wao.

Mapafu na maini yachemshwe kweli, nusu saa au zaidi. Ukikuta vifuko vya maji ndani yake, usimtupie mbwa. Hivyo ni vya tegu anayeitwa ekinokokasi. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uani anapata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Vichome au vifukie chini sana. Nunua kwa mwenye bucha anayepata mzigo wake kwenye machinjio yenye mkaguzi wa nyama, na mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kama daktari wa mifugo atakavyopanga.

Paka ni habari nyingine kabisa. Mbwa huweza kumeng'enya wanga vizuri, lakini paka ni mla nyama kwa maumbile. Anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho kimo kwenye nyama na samaki na hakimo kwenye nafaka. Kikikosekana kwa miezi, macho yake hupofuka na moyo hulegea. Ugali na maziwa vinavyowekwa kwenye kisahani kila jioni vinamnyima haki yake, na maziwa huwaharisha paka wazima wengi. Mpe omena iliyopikwa, moyo wa ng'ombe au wa kuku uliokatwakatwa, yai lililoiva. Mimina na supu yake, kwa sababu taurini huyeyuka na kubaki kwenye maji. Chakula cha mbwa hakimtoshi paka, hata kikiwa cha bei kubwa.

Ukinunua cha dukani, soma maandishi ya mfuko. Tafuta panapoandikwa kwamba ni chakula kilichokamilika, na kwa umri gani. Viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama, vinataka protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikiondolewa maji kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wake, 26 kwa paka mzima na 30 kwa mtoto wa paka. Mkebe wa chakula laini, hata ukiwa na picha nzuri, takriban robo tatu yake au zaidi ni maji, kwa hiyo kikavu hukupa chakula kingi zaidi kwa shilingi ileile. Kile tunachopima kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa, omba uonyeshwe gunia lenyewe na tarehe yake, na ukinuse. Harufu ya mafuta yaliyochacha, kiache. Usinunue kinachozidi cha kuliwa kwa wiki mbili, na ukikihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu, panya hawatakifikia.

Badilisha chakula polepole kwa muda wa wiki, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani kila siku. Paka akigoma kula kwa siku mbili, usimsubiri njaa imshinde, kwa kuwa ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Rudisha chakula alichokizoea na umpeleke kwa daktari wa mifugo.