Kufunga taa za ziada kwa rilei kwenye gari la zamani

Taa mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9 kwenye umeme wa volti 12. Swichi ya taa ya Peugeot 504, Datsun 120Y au Land Rover ya zamani imeshachoka kwa kubeba taa kubwa peke yake. Ukiibebesha na hizo, inaungua kwa ndani na dashibodi inaanza kunuka plastiki. Kwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, swichi ya dashibodi inapitisha umeme mdogo tu wa kuamsha koili (waya uliosokotwa wa sumaku hiyo), kiasi cha ampea 0.2. Ule mzito unatoka betri kwenda taani bila kuingia ndani ya gari kabisa.

Kabla ya kwenda maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua vifaa, fungua boneti uangalie mambo mawili. La kwanza ni volti: Beetle za zamani zilitumia volti 6, na rilei ya volti 12 humo haishiki. La pili ni nguzo ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana chanya kwenye bodi. Chukua rilei isiyo na dayodi ndani, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ile yenye dayodi ukigeuza miguu ya koili unapata shoti. Na kama gari bado lina dainamo (mashine ya zamani ya kuchaji betri, kabla ya alteneta), piga hesabu: Lucas C40 inatoa ampea 22 tu. Usiku wa masika, taa kubwa, waipa na koili ya moto wa plagi zikiwa kazini, ampea 9 za ziada zitatoka kwenye betri.

Vifaa ni rilei ya ampea 30 yenye miguu minne na kitako chake, fyuzi ya ampea 15 na nyumba yake, swichi ndogo, mita 5 za waya wa milimita za mraba 2.5 na mita 4 za milimita za mraba 1. Waya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtetemo. Kwangua uzi kwa kisu hapohapo dukani: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, mrudishie.

Chomoa betri. Funga rilei karibu nayo, miguu ikitazama chini maji yasitulie ndani. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Mafundi wengi huiweka karibu na taa, na hapo ndipo moto unapoanzia: waya ukisuguana na bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuukata.

Miguu ya rilei imeandikwa namba: umeme kutoka kwenye fyuzi unaingia mguu wa 30 na kutokea 87 kwenda taani. Ukiuziwa rilei ya miguu mitano, soma namba vizuri. Mguu wa katikati ukiandikwa 87a, ukiutumia huo taa zitawaka muda wote rilei ikiwa imelala.

Zimebaki 85 na 86, za koili, na hapa wengi hukwama. Kuna magari, hasa baadhi ya Toyota, ambayo swichi hukata upande wa bodi na si upande wa umeme. Ukichukua waya wa ful (mwanga wa mbali) na kuupeleka 86, kisha 85 bodi, rilei inafanya vioja. Njia inayokubali aina zote mbili za magari ni kuifunga koili sambamba na uzi wa ful wa taa kubwa: 86 kwenye mguu wa ful wa balbu, ukipitia swichi yako ndogo, na 85 kwenye mguu wa pamoja wa balbu hiyohiyo. Ukishusha dimu kumpisha anayekuja Barabara ya Morogoro, taa za ziada zinazima zenyewe.

Kila taa ipewe waya wake wa bodi, 2.5 vilevile. Usitegemee bampa, kutu na mpira wa kufungia vinazuia umeme. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, kisha paka grisi juu. Kwa gari linalolala Kigamboni au Kunduchi, chumvi ya baharini italila hilo eneo haraka usipopaka.

Rudisha betri, washa injini na taa, kisha pima volti kwa mita kutoka nguzo ya betri isiyofungwa kwenye bodi hadi waya wa umeme wa taa. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kimelegea au waya ni mwembamba. Rudia upande wa bodi. Rilei ikilia tik-tik-tik mfululizo, umeme wa koili ni dhaifu: angalia swichi na viungo vya 85 na 86 kabla ya kununua rilei nyingine.

Baada ya nusu saa taa zikiwaka, shika nyumba ya fyuzi. Ikiwa ya moto, terminali haijabana. Ikaze upya, usiongeze ukubwa wa fyuzi.