SOMO: Jinsi ya kuikosoa rekodi ya bendi changa ya metali ikawasaidia kweli

Wakuu habari. Naandika hili kwa sababu mi mwenyewe nlishawahi kuambiwa na jamaa "gitaa zenu zina matope" akaishia hapo hapo, sa mi nikarudi kwenye ikwaliza (ile ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu) nikakata kila kitu cha chini nilichokiona, gitaa zikabaki nyembamba kama nyuki kwenye kopo. Kumbe tatizo lilikuwa geini tu, yaani ule mkwaruzo unaotiwa kwenye gitaa ulizidi. Wiki mbili zimeenda hivo. Kwa hiyo ukitumiwa demo ukaombwa maoni, fanya hivi.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujasikiliza. Maswali mawili tu. La kwanza, mnataka isikike vipi, mnipe wimbo mmoja wa mfano. Hili ni muhimu sana kwenye metali kuliko muziki mwingine, maana blaki metali ya Norway ya miaka ya 1990 mwanzoni ilirekodiwa chafu kwa makusudi, ukimwambia anayeipenda ile "safisha gitaa" utakuwa umemkosoa ladha na sio kazi. La pili, je bado mnaweza kurekebisha? Kama wimbo umeshatoka hakuna haja ya kuwaumiza roho na sauti ya snea (ile dramu ya mlio mkali), ongelea rekodi inayofuata.

Hatua ya 2: Sikiliza mara tatu. Ya kwanza kaa tu kama shabiki, usiandike. Ya pili andika na dakika zake. Ya tatu sikiliza kwenye simu, spika yake ndogo, hapo ndo besi zinapotea na utajua nini kinabaki. Ukilinganisha na wimbo wa mfano ushushe ule wa mfano mpaka sauti zilingane, maana wao bado hawajamasta (hatua ya mwisho ya kuiweka sawa na kuikuza sauti) na sikio letu linapenda chenye sauti kubwa, hata desibeli 2 tu zinakudanganya.

Hatua ya 3: Namna ya kuandika. Hapa ndo wengi tunaharibu. Usiandike "kiki mbovu" (kiki ni ile dramu kubwa ya mguu, dabo kiki ni ikipigwa kwa miguu miwili). Andika wapi, unasikia nini, unahisi ni kwa nini, wajaribu nini. Mfano:

"1:42 dabo kiki ikianza sisikii pigo moja moja, nasikia mvumo tu. Nahisi kiki na besi zinagombania pale 60 mpaka 80 Hz. Jaribuni kumwachia mmoja hapo chini, alafu kiki muiongeze kidogo kwenye 3 mpaka 5 kHz isikike ile tak tak."

Umeona? (Hz na kHz ni vipimo vya sauti, namba ndogo ni za chini, kubwa ni za juu.) Hata kama kisio lako la sababu ni bovu, dakika umewapa na ulichosikia umewapa, watatafuta wenyewe.

Hatua ya 4: Anza na chanzo, plagini (programu za kurekebisha sauti) baadaye. Mambo yanayojirudia kwenye demo karibu zote nilizosikia:

Geini imezidi. Mtu akiwa chumbani peke yake geini nyingi inanoga, ila ukipanga gitaa mbili au nne pamoja zinakuwa ukuta wa mchanga, rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) haieleweki kabisa. Wapunguze geini na warekodi upya, hakuna ikwaliza itakayookoa hilo.

Gitaa limekopiwa. Yaani kapiga mara moja, akalikopi, moja kushoto moja kulia. Hiyo haileti upana, ni sauti ile ile katikati ila kubwa zaidi. Apige mara mbili kweli, zile tofauti ndogo za mkono ndo zinatanua.

Besi haipo. Na wasijisikie vibaya, Metallica wenyewe mwaka 1988 walitoa albamu ya ...And Justice for All na besi haisikiki mpaka leo watu wanalalamika 😂. Waya mnene wa besi ni kama 41 Hz, wa gitaa kwenye tyuni ya kawaida ni 82 Hz, kwa hiyo gitaa likikatwa chini ya 80 hivi besi inapata pa kukaa. Na besi wakiitia distoshoni kidogo itasikika hata kwenye simu.

Hatua ya 5: Mambo matatu tu. Hata kama umeona 15. Panga kubwa kwanza. Na taja kilichokukuna kwa dakika yake, "rifu ya 0:55 imenifanya nirudie", sio "big up sana wazee", hiyo haimsaidii mtu.

MASWALI YA WADAU

Mi sio prodyuza, nina sikio tu, naruhusiwa kutoa maoni?
Sana tu. Sema unachosikia, sababu waachie. "Kwenye korasi sauti ya mwimbaji inazama" inatosha kabisa, usijitie kutaja Hz za kubahatisha.

Dramu zao ni za kompyuta zinasikika kama cherehani, niwaambieje?
Waambie waangalie nguvu ya kila pigo, nyingi utakuta zote zimewekwa sawa sawa mpaka mwisho. Alafu piga hesabu, dabo kiki ya kasi ya biti 200 kwa dakika ikiwa mapigo manne kila biti ni kama mapigo 13 kwa sekunde, ule mlio mrefu wa chini hauna muda wa kuisha. Wakichagua kiki fupi sehemu za kasi itakaa sawa.

Wanataka masta iwe na sauti kubwa kuliko wote, wamebana mpaka inapasuka.
Waulize wanaitoa wapi. Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo masta iliyobanwa sana itashushwa tu na kile kipasuko kinabaki. Albamu ya Metallica ya 2008, Death Magnetic, ililalamikiwa na mashabiki kwa jambo hilo hilo, na wale walikuwa na hela ya studio.

Mkuu nlifuata karibu yote haya, mpiga gitaa kanijibu eti sijui metali. Nifanyeje?
Usibishane. Mwambie arekodi rifu moja tu kwa geini nusu, aipange na ile ya zamani, asikilize akiwa peke yake bila wewe. Akikaa kimya siku tatu ujue anarekodi upya.